Begonia za Nyumbani katika Nyanda za Juu za Mbulu na Hanang

Begonia ni mmea wa kivuli chepesi, hewa yenye unyevu na ubaridi usiouma, na sehemu kubwa ya wilaya za Mbulu na Hanang ina hali hizo kwa miezi mingi ya mwaka. Makazi mengi ya wilaya hizi, kuanzia Mbulu mjini na Dongobesh hadi Haydom na Katesh, yapo kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Begonia nyingi hustawi kwenye joto la kati ya nyuzi 15 na 25 za Selsiasi. Chini ya nyuzi 10 hudumaa, na joto likizidi nyuzi 30 hulegea na kudondosha vitumba. Mkazi wa Mbulu, kwa hiyo, anaanza akiwa na nafasi nzuri kuliko mkazi wa Dar es Salaam au Tanga, ambako hata usiku hauleti nafuu ya joto. Maeneo ya chini yenye joto na ukame, kama Yaeda Chini, ni suala jingine. Huko begonia huhitaji uangalizi mkubwa kiasi kwamba ni afadhali kuchagua maua mengine.

Pamoja na hali hiyo nzuri, begonia nyingi hufa nyanda hizi ndani ya mwaka wa kwanza, na sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni maji yanayotuama kwenye mizizi wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, udongo unapokuwa baridi na mmea haunywi. Ya pili ni upepo mkavu wa Agosti hadi Oktoba, unaokausha majani kabla ya mvua kurudi. Vitabu vingi vya maua vimeandikwa kwa nchi zenye majira manne, na huwaelekeza wasomaji wafuate kalenda ya theluji na kiangazi cha Ulaya. Kalenda hiyo haina kazi Katesh. Hapa begonia hutunzwa kwa kufuata maji na upepo: mvua zinazoanza Novemba au Desemba na kuisha Mei, kipupwe, kisha ukavu wa kabla ya mvua.

Asili ya mmea na somo lake

Jenasi ya begonia ina zaidi ya spishi 2,000, zilizotawanyika katika nchi za joto za Amerika, Asia na Afrika. Jina lake lilitolewa na mtawa na mtaalamu wa mimea Mfaransa, Charles Plumier, kwa heshima ya Michel Bégon, aliyekuwa ofisa wa serikali ya Ufaransa. Begonia nyingi za vyunguni zina asili ya Brazili, milima ya Andes na Asia, lakini Tanzania nayo ina zake za porini. Begonia meyeri-johannis ni mmea wa misitu ya milimani ya Afrika Mashariki, unaopanda juu ya mashina ya miti na kutoa maua meupe. Begonia johnstonii ilipewa jina la Harry Johnston, Mwingereza aliyefika Kilimanjaro mwaka 1884. Begonia sutherlandii, yenye maua ya rangi ya chungwa, hupatikana kuanzia Tanzania hadi Afrika Kusini. Ina kiazi chini ya ardhi, hunyauka ukame unapoingia na huchipua tena mvua zinaponyesha.

Kwa anayetaka kukuza begonia ndani ya nyumba, maisha ya jamaa hao wa porini yana somo kubwa. Begonia inayopanda miti huotesha mizizi yake kwenye majani yaliyooza, juu ya magome na mawe. Mizizi hiyo ni myembamba, mifupi na yenye kuhitaji hewa. Hupata maji mara kwa mara kutoka kwenye ukungu na mvua, lakini maji hayo huteremka papo hapo. Mmea wa aina hiyo ukitiwa kwenye ndoo iliyojaa udongo mzito wa bondeni na kumwagiwa maji kila asubuhi, mizizi hukosa pumzi na kuoza. Karibu maagizo yote yanayofuata yanatokana na ukweli huo.

Hili lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kwenda kuchimba begonia au udongo msituni. Msitu wa Nou ni hifadhi, na Marang imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara. Mimea ya porini iliyozoea ukungu wa msitu mara nyingi hufa upesi sebuleni, na hasara inabaki kwa msitu.

Aina zinazofaa

Begonia ya nta ndiyo ya kuanza nayo. Ina majani ya mviringo yanayong'aa, ya kijani au ya rangi ya shaba, na maua madogo meupe, ya waridi au mekundu yasiyokatika. Inavumilia jua la asubuhi kuliko jamaa zake, haikui zaidi ya sentimita 30 hivi, na kosa moja la maji haliiui. Anayeshindwa na hii hana haja ya kununua nyingine kwanza.

Begonia za miwa zina mashina yenye pingili na majani marefu yenye umbo la bawa, mengi yakiwa na madoa meupe juu na wekundu chini. Begonia maculata ya Brazili ni ya kundi hili, na vilevile chotara wa zamani aitwaye 'Lucerna', anayening'iniza vishada vya maua ya waridi. Hufikia mita moja na zaidi, hudumu miaka mingi, na huzalishwa kwa urahisi mno kwa vipandikizi. Kwa nyumba za Mbulu na Katesh, kundi hili ndilo bora kuliko yote: linastahimili usiku wa baridi likiwa kavu, na likiguswa na ukame hurudi.

Begonia za shina tambazi hukuzwa kwa ajili ya majani. Shina lao nene hulala juu ya udongo na kutoa majani moja kwa moja. Rex, iliyoletwa Ulaya kutoka Assam katika miaka ya 1850, ndiyo maarufu kuliko zote, ikiwa na majani yenye fedha, zambarau, wekundu na kijani kwa pamoja. Rex ni ngumu kuitunza. Inataka hewa yenye unyevu wa kudumu, na kingo za majani yake hukauka mara upepo wa Septemba unapoanza. Mwenye nyumba isiyo na chumba chenye hewa tulivu atafanya vyema kuanza na Begonia masoniana, yenye majani ya mikunjo na alama nyeusi ya msalaba katikati, ambayo haideki kiasi hicho.

Yanabaki makundi mawili yanayouzwa kwa sababu ya maua yake makubwa, na kwa haya urefu wa mchana una uzito mkubwa. Mbulu na Hanang zipo karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni ni takriban nusu saa tu. Begonia za viazi, chotara za spishi za Andes, huendelea kukua na kuchanua mchana unapokuwa mrefu. Mchana ukikaribia muda wa saa 12 huanza kuhamishia nguvu zake kwenye kiazi na kujiandaa kulala. Ndiyo maana mtu aliyeziona zikichanua miezi mitano mfululizo Ulaya hushangaa kuziona zikififia mapema Katesh, ingawa hakukosea chochote. Anayezitaka aziwashie taa ya kawaida kwa muda wa saa mbili au tatu kila jioni baada ya jua kutua, ili mmea uhesabu mchana mrefu. Bila taa, zichukuliwe kuwa maua ya msimu mfupi wa mvua.

Kundi la pili lina tabia ya kinyume. Begonia za Elatior zina damu ya Begonia socotrana, mmea wa kisiwa cha Sokotra, kilicho kwenye njia ya kale ya majahazi kati ya Pembe ya Afrika na Bara Arabu. Mtaalamu wa mimea Isaac Bayley Balfour aliikusanya huko mwaka 1880, na wakulima wa Ulaya wakaichanganya na begonia za viazi za Andes. Begonia ya Sokotra huchanua mchana unapokuwa mfupi, na sifa hiyo ikarithiwa. Elatior hazisubiri majira katika nyanda hizi: mchana wa mwaka mzima unazitosha kuchanua, ilimradi joto lisizidi. Kasoro yake ni kwamba huchoka. Baada ya miezi kadhaa ya maua mmea hudhoofika, na wengi huutupa. Hauna sababu ya kutupwa. Ukikatwa hadi sentimita 8 au 10 na kupunguziwa maji kwa wiki chache, huchipua upya.

Mahali pa kuweka chungu

Mwanga unaofaa ni mwanga mwingi usio na jua kali. Kwenye mwinuko wa nyanda hizi jua la saa 6 mchana huunguza majani hata siku yenye baridi, hivyo baridi ya hewa isimdanganye mtu akauacha mmea uani. Dirisha au baraza la upande wa mashariki linafaa kuliko yote: begonia hupata jua laini hadi saa 4 asubuhi, kisha kivuli kinachong'aa hadi jioni. Upande wa magharibi hupata jua la alasiri na kuta zilizokwisha kupata moto. Panahitajika pazia jepesi au chungu kisogezwe ndani mita moja au mbili.

Madirisha ya kaskazini na kusini hubadilishana. Kuanzia Machi hadi Septemba jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kaskazini ndilo linaloingiza miale, na hilo ni jambo zuri katika kipupwe kwa kuwa hupasha chungu moto. Kuanzia Oktoba hadi Machi mwanzoni jua huwa upande wa kusini. Mwenye chungu kimoja kwenye kila dirisha akivibadilisha mara mbili kwa mwaka ataona tofauti katika wingi wa maua.

Baraza la mashariki lina tatizo lake. Upepo wa miezi ya ukavu huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki, na hasa maeneo ya wazi ya Hanang hauna kinachouzuia. Begonia zikae nyuma ya ukuta mfupi, kitambaa cha kivuli au safu ya mimea migumu. Kuanzia Agosti hadi mvua zirudi, Rex na Elatior ziingizwe ndani kabisa.

Nyumba za mabati zisizo na dari zinahitaji uangalifu. Mchana bati hupasha hewa ya juu, usiku hewa hiyo hupoa haraka na matone hudondoka kutoka kwenye bati. Begonia isitundikwe juu karibu na paa. Mezani au kwenye kibao cha dirisha ni salama zaidi. Usiku wa Juni na Julai chungu kisiguse kioo cha dirisha wala kukaa moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji, kwani mizizi hupoa kuliko hewa ya chumbani. Ubao au kipande cha gunia chini ya chungu kinatosha.

Jikoni hapafai. Moshi wa kuni na mkaa una ethilini, gesi inayodondosha vitumba vya begonia kabla havijafunguka. Gesi hiyohiyo hutolewa na ndizi na maparachichi yanayoiva, hivyo mkungu uliovundikwa kwenye kona ya sebule unaweza kuwa chanzo cha maua kudondoka bila ugonjwa wowote kuonekana. Vumbi nalo ni adui, hasa kando ya barabara za udongo na wakati wa kulima na kuvuna katika mashamba ya ngano ya Basotu. Majani laini yafutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Yenye manyoya yasafishwe kwa brashi laini iliyo kavu.

Udongo na chungu

Udongo wa shamba peke yake haufai, hata ule wenye rutuba. Ukishindiliwa kwenye chungu hugandamana na kufukuza hewa. Mchanganyiko mzuri hutengenezwa kwa vitu vinavyopatikana karibu: sehemu mbili za mboji ya majani, sehemu moja ya udongo mwekundu uliochekechwa, sehemu moja ya mchanga mnene wa korongoni, na sehemu moja ya maganda ya mpunga yaliyochomwa nusu au mkaa uliopondwa hadi ukubwa wa punje za mahindi. Maganda ya mpunga hupatikana Magugu, upande wa Babati, ambako mpunga hulimwa kwa wingi. Mchanga wa kando ya Ziwa Balangida usitumike, kwa kuwa ziwa hilo ni la chumvi.

Mboji itokane na majani laini, maganda ya maharage na mabua ya ngano yaliyooza kwa miezi isiyopungua 4. Majani ya mkaratusi yaachwe nje. Samadi ya ng'ombe ipo karibu kila boma, nayo ni hazina, ila begonia haivumilii iliyo mbichi: ikae miezi 6 hadi ipoteze harufu, kisha itumike nusu sehemu tu. Kabla ya kupanda, mchanganyiko wenye unyevu upashwe moto juu ya bati kwa nusu saa, ukiwa umefunikwa, ili mvuke uue mayai ya wadudu, minyoo fundo na vimelea vya kuvu. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayotofautisha miche inayopona na inayooza.

Kipimo cha mchanganyiko ni rahisi. Ukifinyangwa mkononi ukiwa na unyevu, ushikamane kidogo na kumeguka ukiguswa kwa kidole. Ukimwagiwa maji chunguni, maji yaanze kutoka tunduni ndani ya dakika moja. Yakisimama juu, mchanga na maganda viongezwe.

Watu wengi huweka tabaka la kokoto chini ya chungu kwa nia ya kutoa maji. Desturi hiyo haisaidii. Maji hayateremki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto hadi udongo ulowe kabisa, hivyo sehemu iliyolowa husogea juu, karibu zaidi na mizizi. Matundu matatu au manne chini ya chungu na udongo wa aina moja hadi chini vinatosha. Kipande cha wavu au kigae juu ya tundu huzuia udongo kumwagika.

Chungu cha udongo wa kufinyanga hupumua na kukauka haraka, hivyo ni chaguo jema kwa Mbulu mjini na eneo la Daudi, ambako ukungu na mawingu hukawiza ukaukaji. Chungu au kopo la plastiki hushika maji, na lina manufaa Katesh na Basotu penye upepo. Ukubwa ndio unaokosewa mara nyingi. Mizizi ya begonia haiendi chini sana, na chungu kikubwa hubakiza maji ambayo mmea hauwezi kuyamaliza. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 2 au 3 za upana tu, na kwa aina za shina tambazi kiwe kifupi na kipana. Kuhamisha kufanyike mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, mmea ukiwa na nguvu ya kukua.

Maji

Hakuna ratiba ya siku inayofaa mwaka mzima. Kidole kitiwe kwenye udongo: sentimita 2 au 3 za juu zikiwa kavu, mmea umwagiliwe hadi maji yatoke chini, na yaliyobaki kwenye kisahani yamwagwe baada ya robo saa. Zikiwa bado na unyevu, usubiri. Kwa chungu cha kawaida hii humaanisha mara moja au mbili kwa wiki wakati wa mvua, mara moja kwa siku 7 hadi 10 katika kipupwe, na kila baada ya siku 2 au 3 mwezi wa Septemba na Oktoba.

Kipupwe ndicho kipindi cha hatari. Majani hulegea kwa baridi, mwenye maua hudhani ni kiu, anaongeza maji, na mizizi inaoza. Mmea uliolegea huku udongo ukiwa umelowa hauna kiu. Mizizi yake imekwisha kudhurika. Utolewe chunguni siku hiyohiyo, mizizi ya kahawia inayoteleza ikatwe kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto, na mmea urudishwe kwenye chungu kidogo chenye mchanganyiko mkavu kiasi. Shina likiwa limelainika hadi juu, kinachowezekana ni kuokoa ncha kwa vipandikizi.

Kumwagilia kufanyike asubuhi, kwa maji yaliyolala ndani usiku ili yasiwe baridi kuliko chumba. Maji yaelekezwe kwenye udongo, majani yabaki makavu. Kunyunyizia majani ili kuongeza unyevu wa hewa ni mazoea ya kuachwa: faida yake haidumu na madoa ya ugonjwa hufuata. Unyevu hupatikana vizuri zaidi kwa kupanga vyungu pamoja juu ya sinia lenye kokoto na maji kidogo, chini ya chungu kikiwa juu ya maji.

Aina ya maji ina uzito mkubwa Hanang. Visima na chemchemi za maeneo mengi ya Bonde la Ufa zina floridi na chumvi za kaboneti kwa wingi, wakati begonia hutaka udongo wenye uchachu kidogo, pH ya kati ya 5.5 na 6.5. Maji ya namna hiyo yakitumika kwa miezi, ukoko mweupe hujitokeza kwenye udongo na ukingo wa chungu, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwa sababu mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma. Dawa yake ni maji ya mvua yanayokingwa kwenye mabati. Mvua ya kwanza ya msimu iachwe ioshe vumbi la paa, kisha yahifadhiwe kwenye tangi au mapipa yenye kifuniko. Pipa moja la lita 200 linatosha vyungu vichache kwa sehemu kubwa ya kiangazi. Maji yasipotosha, ya mvua na ya kisima yatumike kwa zamu, na mara moja kwa mwezi chungu kisuuzwe kwa maji mengi ya mvua.

Mbolea, kupogoa na kuzalisha

Begonia haina ulaji mkubwa. Kuanzia Novemba hadi Mei hupewa mbolea nyepesi kila baada ya wiki mbili: gramu moja ya NPK 17:17:17 kwa lita ya maji, au samadi iliyolowekwa kwa wiki mbili na kuchujwa, kisha ikaongezwa maji hadi iwe na rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Udongo uwe na unyevu kabla ya mbolea, vinginevyo mizizi huungua. Urea na CAN zibaki shambani; huleta majani mengi mororo, maua machache na wadudu. Katika kipupwe mbolea isimame kabisa.

Ncha za begonia changa zikatwe ili mmea utoe matawi. Za miwa zipogolewe mwishoni mwa Oktoba: shina moja kati ya matatu, lile la zamani, likatwe hadi pingili ya pili au ya tatu kutoka chini, na machipukizi yatatoka na mvua. Maua yaliyokwisha na majani makavu yaondolewe kila wiki, kwani kuvu ya kijivu huanzia hapo.

Kila ua la begonia ni la kiume au la kike, na yote hubebwa na mmea mmoja; la kike hutambulika kwa kifuko chenye mabawa nyuma ya petali. Mbegu ni vumbi, gramu moja ikiwa na makumi ya maelfu, na kuziotesha ni kazi ya vitalu. Nyumbani vipandikizi vinatosha. Kwa begonia za miwa na za nta, ncha yenye urefu wa sentimita 8 hadi 10 hukatwa chini tu ya pingili, majani ya chini na vitumba huondolewa, kisha huchomekwa kwenye mchanga safi uliochanganywa na mboji kidogo. Mizizi hutoka baada ya wiki 3 au 4. Kwa begonia za nta zichaguliwe ncha zisizo na maua. Shina lililokwisha kutoa maua pekee huota mizizi lakini hukataa kutoa matawi.

Rex huzalishwa kwa jani, na hii ndiyo kazi ya kupendeza kuliko zote katika ukuzaji wa begonia. Jani lililokomaa hulazwa juu ya mchanga wenye unyevu, mishipa yake mikubwa ikikatwa kwa wembe sehemu tano au sita upande wa chini, na vijiwe vidogo huwekwa juu ili jani liguse mchanga. Baada ya wiki 6 hadi 8 vijimche hujitokeza kwenye kila mkato. Unyevu wa hewa hutunzwa kwa kufunika. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako hufanya kazi vizuri kuliko mfuko. Kizibo hufunguliwa kila siku hewa ipite. Kazi hii ifanyike kati ya Novemba na Machi. Vipandikizi vya Juni huoza kabla ya kuota.

Begonia za viazi huachwa zinyauke zenyewe. Majani yakigeuka manjano, maji hupunguzwa hadi yakome, kiazi hutolewa na kuhifadhiwa kwenye mchanga mkavu mahali penye ubaridi kwa miezi miwili au mitatu, kisha hupandwa tena mvua zikikaribia, upande wenye kishimo ukiangalia juu na kufunikwa kwa udongo kidogo sana.

Wadudu na magonjwa

Ugonjwa unaosumbua zaidi nyanda hizi ni ubwiri unga, unga mweupe juu ya majani unaokuja siku zikiwa kavu na usiku baridi, yaani Juni hadi Septemba. Majani yaliyoshikwa yakatwe na kuchomwa, vyungu viachanishwe, hewa ipite. Dawa ya salfa ya kulowanisha huuzuia ikitumika mapema na wakati wa ubaridi wa jioni. Maziwa yaliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa, hupunguza ubwiri kwenye mboga za jamii ya maboga na yanaweza kujaribiwa kwenye begonia chache kwanza. Baking soda nayo hutumika, kijiko kimoja cha chai kwa lita mbili za maji na matone ya sabuni. Isibadilishwe kwa magadi ya maziwa ya chumvi. Magadi ni makali na huunguza majani.

Madoa yanayoonekana kama yamelowa, yakizungukwa na manjano na kufuatiwa na kunyauka, ni dalili ya ugonjwa wa bakteria. Hauna tiba. Mmea uchomwe moto, na kisu kisitumike kwingine kabla ya kusafishwa.

Vidung'ata, wadudu weupe kama pamba kwenye maungio ya majani, huletwa na kulindwa na sisimizi, na kuwaondoa bila kuwaondoa sisimizi ni kazi bure. Wafutwe mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti, kisha mmea upulizwe maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai kwa lita, kila baada ya siku 5 kwa wiki tatu. Vidukari hutibiwa vivyo hivyo. Vitunguu saumu, vinavyolimwa sana Mbulu, hupondwa na kulowekwa usiku kucha, kisha maji yake huchujwa na kupulizwa. Hufukuza vidukari, ingawa si dawa ya shambulio kubwa. Uvimbe wa vifundo kwenye mizizi ni minyoo fundo. Mmea huo hauponi, ila ncha zake zinaweza kupandwa upya kwenye udongo uliopashwa moto.

Mmea mpya, hata kama umetoka kwa jirani anayeaminika, ukae peke yake wiki tatu kabla ya kuchanganywa na mingine. Ukiletwa kwa basi kutoka Arusha au Babati, ufungwe kwa gazeti, usimwagiliwe siku ya safari, na usihamishiwe chungu kingine hadi uanze kutoa jani jipya. Kudondosha majani machache baada ya safari ni kawaida.

Begonia zote zina oksalati, na sehemu ya chini, mizizi na kiazi, ina nyingi zaidi. Mtoto akitafuna huwashwa mdomo na kutokwa na mate. Paka na mbwa hutapika. Vyungu viwekwe mahali ambapo watoto wadogo na wanyama hawavifikii, mikono ioshwe baada ya kupogoa, na matawi yaliyokatwa yafukiwe au yatupwe kwenye shimo la mboji lililofunikwa, mbali na zizi la mbuzi na ndama.